Kabla ya Kuuliza Bei ya Kesho, Uliza Nani Mwenye Kampuni
Somo kwa wanunuzi wa hisa wa mara ya kwanza, Wilaya ya Chunya

Utangulizi

Chunya ni wilaya ya dhahabu na tumbaku. Dhahabu ya eneo la Lupa imechimbwa tangu miaka ya 1920, na tangu mwaka 2019 wachimbaji wadogo wamekuwa wakiuza mali yao katika soko la madini la Chunya. Tumbaku nayo huleta fedha kwa msimu kupitia vyama vya ushirika vya msingi. Palipo na fedha ya mkupuo hapakosekani mtu mwenye wazo la mahali pa kuiweka. Siku hizi mojawapo ya mawazo hayo ni hisa, hasa hisa za kampuni zinazohusiana na simu ya mkononi: ile inayotuuzia muda wa maongezi, na ile inayotengeneza simu yenyewe pamoja na chipu iliyomo ndani yake.

Maswali ya wananchi kuhusu hisa hizo huwa mawili. La kwanza: je, bei yake itapanda? La pili: je, nikinunua, nami nitakuwa mmoja wa wenye kampuni? Karibu kila mtu huanza na swali la bei. Sisi katika somo hili tunaanza na swali la umiliki, kwa sababu bei ya kesho haijulikani kwa mtu yeyote, ilhali mwenye kampuni anajulikana leo, na jina lake limeandikwa katika nyaraka ambazo kila mwananchi ana haki ya kuzisoma. Anayejua kampuni ni ya nani, na hisa zake zinanunulika na kuuzika kwa kiasi gani, huwa amekwisha kuelewa sehemu kubwa ya kile kinachoitwa mwelekeo wa bei. Asiyejua hayo hubaki kuamini ahadi.

Hatumshauri mtu yeyote kununua wala kuuza hisa za kampuni zinazotajwa humu. Tumezitaja kwa sababu habari zake ni za wazi na zinafundisha.

Hisa ni nini?

Wasomaji wetu wa Makongolosi, Matundasi na Itumbi wanaujua mgao wa duara. Yupo mwenye leseni ya eneo, yupo mwenye duara, yupo anayegharamia chakula, magogo na pampu ya maji, na wapo wachimbaji wanaoshuka chini. Mawe yakitoka, viroba hugawanywa kwa makubaliano yaliyofanywa kabla ya kazi kuanza. Kila mmoja ana fungu lake, na ukubwa wa fungu hutokana na alichokiweka.

Hisa ni fungu la namna hiyo katika kampuni. Kampuni ikigawanywa katika mafungu 1,000 yaliyo sawa, mwenye mafungu 10 anamiliki asilimia 1 ya kampuni. Hata hivyo zipo tofauti mbili ambazo yafaa zieleweke mapema.

Kwanza, mwenye fungu la duara huondoka na viroba vyake. Mwanahisa hawezi kwenda kwenye kampuni akachukua fungu lake la mashine au la fedha iliyo benki. Anachopata ni gawio, yaani sehemu ya faida, na gawio hilo kwa kawaida hulipwa pale ambapo wakurugenzi wamelipendekeza na mkutano mkuu umeliridhia. Kabla ya gawio hulipwa kwanza mishahara, wadai na kodi. Mwanahisa ni wa mwisho katika foleni.

Pili, anayetaka kutoka kwenye kampuni iliyoorodheshwa hairudishii kampuni hisa zake. Humuuzia mtu mwingine, kupitia soko, kwa bei ambayo mtu huyo yuko tayari kuilipa siku hiyo. Hapa nchini soko hilo ni Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwezi Aprili 1998, kampuni ya gesi ya TOL ikiwa ya kwanza kuorodheshwa.

Nani mwenye kampuni? Mfano wa Vodacom Tanzania

Tanzania haina kiwanda kikubwa cha vifaa vya elektroniki au chipu kilichoorodheshwa sokoni. Kampuni iliyo karibu zaidi na simu ya msomaji, ambayo hisa zake zinauzwa hapa nchini, ni Vodacom Tanzania. Kuorodheshwa kwake kulitokana na sheria. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, pamoja na marekebisho yaliyofanywa mwaka 2016, ilizitaka kampuni za simu kuuza asilimia 25 ya hisa zao kwa umma kupitia soko la hisa. Vodacom ilikuwa ya kwanza kutekeleza.

Mwezi Machi 2017 kampuni hiyo ilitangaza kuuza hisa 560,000,100 kwa bei ya shilingi 850 kila moja. Jumla yake ilikuwa shilingi bilioni 476. Mwanzoni hisa hizo zilikusudiwa Watanzania peke yao. Maelfu walijitokeza, wengi wao wakinunua hisa kwa mara ya kwanza maishani, lakini kiasi kilichotakiwa hakikufikiwa. Muda ukaongezwa, na baadaye mlango ukafunguliwa kwa wawekezaji wa nje. Hisa zikaorodheshwa sokoni tarehe 15 Agosti 2017.

Tusome mgao huo kama tunavyosoma mgao wa duara. Robo ya kampuni ilikwenda kwa umma. Robo tatu zilibaki upande wa wamiliki wa awali, ambao mkubwa wao ni Vodacom Group ya Afrika Kusini. Vodacom Group nayo imeorodheshwa katika soko la hisa la Johannesburg, na mwenye hisa nyingi zaidi ndani yake ni Vodafone ya Uingereza. Kwa hiyo mtu wa Chunya aliyenunua hisa 100 mwaka 2017 aliingia katika ukoo mrefu: yeye na maelfu ya wenzake katika robo moja, mmiliki mkuu Afrika Kusini, na mmiliki wa mmiliki Uingereza.

Kampuni za Tanzania zenye sura kama hiyo si moja. Wakulima wa tumbaku wanaifahamu Kampuni ya Sigara Tanzania, iliyoorodheshwa mwaka 2000. Humo nako robo tatu ya hisa ni mali ya kampuni moja ya nje, JT International, na robo iliyosalia imegawanyika kwa wengine wote.

Robo moja ina nguvu gani?

Kila hisa ya kawaida ina kura moja. Mwanahisa mdogo ana haki ya kupata taarifa ya mwaka, kualikwa kwenye mkutano mkuu, kuuliza maswali, kupiga kura na kulipwa gawio sawasawa na mkubwa kwa kila hisa. Haki hizi ni za kweli, na tunawahimiza wananchi wazitumie.

Lakini haki ya kupiga kura na uwezo wa kushinda kura ni mambo mawili tofauti. Chini ya Sheria ya Makampuni, maamuzi ya kawaida hupita kwa wingi wa kura, na maamuzi mazito, kama kubadilisha katiba ya kampuni, huhitaji robo tatu ya kura zilizopigwa. Mwenye asilimia 75 anaweza kupitisha yote mawili peke yake. Ndiye anayeamua ni nani wawe wakurugenzi. Wakurugenzi ndio wanaopendekeza faida igawanywe au ibaki ndani ya kampuni kwa kujenga minara.

Hilo si kosa, wala halimaanishi kwamba mmiliki mkuu ni adui wa mdogo. Mara nyingi masilahi yao ni mamoja, kwa kuwa kampuni ikipata faida wote hupata. Sheria pia inampa mwanahisa mdogo haki ya kwenda mahakamani anapoona kampuni inaendeshwa kwa namna ya kumdhulumu. Ila msomaji ajue nafasi yake kabla ya kulipa. Anayenunua hisa chache katika kampuni yenye mmiliki wa robo tatu anapanda gari ambalo lina dereva tayari. Yampasa kuuliza dereva ni nani na anaelekea wapi, kwa kuwa usukani hautakuwa mikononi mwake.

Ni nini husukuma bei?

Mwaka 2017 walikuwapo watu waliosema kwa yakini kwamba hisa ya shilingi 850 ingepanda maradufu upesi, kwa sababu kila mtu ana simu. Hoja hiyo ilikuwa tamu, lakini ilikuwa na pengo. Kila mtu kuwa na simu ni habari ya wateja. Bei ya hisa hufuata faida inayotarajiwa, na kati ya wateja na faida yapo mambo mengi.

Wasomaji wanakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole. Laini ambazo hazikusajiliwa zilifungwa kuanzia mwaka 2020, na kampuni za simu zikapoteza wateja. Wanakumbuka pia tozo za miamala ya simu zilizoanza Julai 2021, ambazo ziliwafanya watu wengi wapunguze kutuma fedha kwa simu. Vodacom Tanzania ilipata hasara katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2021, na tena katika mwaka ulioishia Machi 2022, kisha ikarejea kwenye faida mwaka uliofuata. Bei ya hisa yake, kwa vipindi virefu baada ya mwaka 2017, ilikuwa chini ya zile shilingi 850 za mwanzo.

Hakuna mtabiri aliyeyaandika mambo hayo mwaka 2017. Hayakuwa siri iliyofichwa na mtu; yalikuwa bado hayajatokea. Ndiyo maana waraka wa matarajio, yaani kitabu ambacho kampuni hulazimika kukitoa inapouza hisa kwa umma, huwa na sura nzima ya hatari zinazoweza kuikabili biashara. Wengi huiruka sura hiyo na kutafuta ukurasa wa bei. Tunashauri isomwe kwanza.

Hesabu tatu za kufanya kwa kalamu

Takwimu zifuatazo ni za mfano tu, ili kuonyesha njia.

Hesabu ya kwanza ni ya gawio. Mtu amenunua hisa 1,000 kwa shilingi 850, akalipa shilingi 850,000. Mwaka huo kampuni inatangaza gawio la shilingi 12 kwa hisa. Anastahili shilingi 12,000. Kampuni iliyoorodheshwa sokoni hukata kodi ya zuio ya asilimia 5, yaani shilingi 600, na mkononi hubaki shilingi 11,400. Hiyo ni chini kidogo ya asilimia 1.4 ya fedha aliyoweka. Ailinganishe na kile ambacho fedha hiyo ingemletea mahali pengine salama.

Hesabu ya pili ni ya bei. Bei ikishuka hadi shilingi 770, hisa zake zina thamani ya shilingi 770,000. Amepungukiwa shilingi 80,000 katika karatasi. Asipouza, hasara hiyo haijaingia mfukoni mwake. Lakini akilazimika kuuza wiki hiyo kwa sababu mtoto anahitaji ada, imeingia. Zaidi ya hapo kuna gharama za dalali na za soko, wakati wa kununua na wakati wa kuuza. Auulizie jumla yake kabla.

Hesabu ya tatu ni ya matarajio. Chukua faida ya kampuni ya mwaka mzima, uigawe kwa idadi ya hisa zote. Kampuni yenye hisa bilioni 2.24 ikipata faida ya shilingi bilioni 56, kila hisa imezalisha shilingi 25. Kama hisa inauzwa kwa shilingi 750, mnunuzi analipia faida ya miaka 30 ya namna hiyo. Kwa nini akubali? Kwa sababu anatarajia faida itakua. Sasa ameuona mwelekeo wa bei ukiwa uchi: ndani ya bei ya leo tayari kuna matumaini ya kesho. Matumaini hayo yakitimia bei inaweza kubaki palepale, kwa sababu yalikwisha kulipiwa. Yasipotimia, bei hushuka.

Je, ukitaka kuuza, mnunuzi yupo?

Jambo hili wananchi husahaulika kuambiwa. Katika kampuni ambayo robo tatu ya hisa ziko kwa mmiliki mmoja asiyeuza, zinazoweza kuzunguka sokoni ni zile za robo iliyobaki. Na katika robo hiyo, nyingi hushikwa na mifuko ya hifadhi ya jamii na taasisi ambazo nazo haziuzi kila siku. Hisa zinazopita mkono kwa mkono huwa chache. Zipo siku ambazo hisa za baadhi ya kampuni katika soko letu haziuzwi hata moja, na bei inayoonyeshwa kwenye ubao ni ya mauzo ya siku zilizopita.

Wataalamu huita hali hii upungufu wa ukwasi. Maana yake kwa lugha ya nyumbani ni kwamba una mali, lakini huwezi kuigeuza fedha siku unayotaka. Mchimbaji akipeleka dhahabu yake sokoni Chunya asubuhi huondoka na fedha. Mwenye hisa anaweza kuweka oda ya kuuza akasubiri wiki kadhaa, na hata mnunuzi akipatikana siku hiyo hiyo, malipo hukamilika siku tatu za kazi baadaye.

Kwa sababu hiyo fedha ya mbolea ya msimu ujao, ada ya shule na akiba ya ugonjwa isiwekwe kwenye hisa. Fedha ya hisa ni ile ambayo mwenyewe akiikosa kwa miaka kadhaa, nyumba yake haitayumba.

Na kampuni inayotengeneza simu yenyewe?

Wapo wanaouliza: kwa nini tusinunue hisa za mtengenezaji wa simu na chipu, kampuni kubwa inayojulikana dunia nzima? Tuitazame Samsung Electronics ya Korea Kusini, iliyoanzishwa mwaka 1969, ambayo simu zake zinauzwa hata katika maduka ya Chunya na ambayo ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa chipu za kumbukumbu duniani. Tuiulize maswali yale yale.

Nani mwenye kampuni? Hapa jibu ni tofauti na la Vodacom. Takriban nusu ya hisa zake zimo mikononi mwa wawekezaji wa nje ya Korea, na mfuko wa pensheni wa taifa la Korea una zaidi ya asilimia 7. Mwenyekiti wake, Lee Jae-yong, kwa jina lake mwenyewe ana chini ya asilimia 2. Hata hivyo familia yake ndiyo inayoongoza, kwa sababu hisa zake zikijumlishwa na zile za kampuni ndugu, kama kampuni ya bima ya Samsung Life, hufika karibu moja ya tano, na wanahisa wengine wametawanyika. Funzo ni kwamba kuongoza kampuni hakuhitaji kumiliki nusu yake. Swali sahihi siku zote ni hili: nani anayewachagua wakurugenzi?

Mambo ya mwenye kampuni humfikia hata mwanahisa wa mbali. Baba yake, Lee Kun-hee, alifariki Oktoba 2020. Mwaka uliofuata warithi walitangaza kwamba kodi ya mirathi ingezidi won trilioni 12, na baadaye baadhi yao waliuza sehemu ya hisa zao ili kuilipa. Mauzo makubwa ya aina hiyo huongeza hisa sokoni, na wanunuzi huyazingatia wanapopanga bei.

Ni nini husukuma bei? Biashara ya chipu za kumbukumbu huenda kwa mawimbi, mithili ya bei ya zao. Chipu zikiadimika bei hupanda, viwanda vinapanuliwa, kisha chipu hujaa na bei huanguka. Mwaka 2022 faida ya uendeshaji ya Samsung Electronics ilikuwa kama won trilioni 43.4. Mwaka 2023, chipu zilipojaa baada ya msukumo wa manunuzi ya wakati wa UVIKO-19 kupungua, faida hiyo ilianguka hadi trilioni 6.6, na kitengo cha chipu peke yake kikapata hasara ya zaidi ya trilioni 14. Mwaka 2024 ikarudi hadi trilioni 32.7.

Hisa nazo hazikufuata mstari ulionyooka. Januari 2021 zilifika won 91,000. Novemba 2024 zilishuka chini ya 50,000, ingawa faida ya mwaka huo ilikuwa imerudi juu, kwa kuwa wanunuzi walihofia kwamba kampuni ilikuwa nyuma ya washindani wake katika chipu za akili mnemba. Oktoba 2025 zikavuka 100,000. Aliyenunua Januari 2021 kwa kuambiwa hisa haziwezi kushuka aliumia. Aliyeuza Novemba 2024 kwa kuambiwa kampuni imekwisha aliumia pia. Watabiri wote wawili walizungumza kwa uhakika.

Lipo jambo moja zaidi. Kabla ya Mei 2018 hisa moja ya Samsung Electronics ilikuwa na bei ya kama won milioni 2.65. Kampuni ikaigawa kila hisa kuwa 50, na bei ikawa kama won 53,000. Hakuna aliyetajirika wala kufilisika kwa kitendo hicho, kama vile mkate haukui kwa kukatwa vipande. Kwa hiyo hisa ya shilingi 200 si lazima iwe rahisi kuliko ya shilingi 15,000. Rahisi na ghali hupimwa kwa faida, kama tulivyofanya katika hesabu ya tatu.

Mwananchi anayetaka kununua dhamana za nje ya nchi afahamu kwamba zipo kanuni za fedha za kigeni zinazohusika, pamoja na hatari ya kubadilika kwa thamani ya shilingi. Aanze kwa kuuliza benki yake na dalali mwenye leseni, kabla ya kutuma hata shilingi moja.

Jihadhari na ahadi

Jina la kampuni kubwa ni chambo kizuri. Mlaghai haanzishi kampuni isiyojulikana. Huazima jina ambalo kila mtu amelisoma nyuma ya simu yake. Hudai kuuza hisa za kampuni ya chipu kupitia kundi la mtandaoni, huonyesha programu ambayo namba zake zinapanda kila asubuhi, na huomba fedha itumwe kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Siku mwananchi anapotaka kutoa fedha huambiwa alipe kwanza kodi au ada ya kufungua akaunti.

Nchi yetu haijasahau DECI, ambako watu waliambiwa wapande mbegu ya fedha na kuvuna mara kadhaa, mpaka Serikali ilipousimamisha mpango huo mwaka 2009. Mkulima anajua kwamba hakuna shamba linalovuna bila mvua, bila mbolea na bila hatari ya wadudu. Uwekezaji usio na hatari yoyote na wenye faida iliyotajwa mapema si shamba la kweli.

Dalili nne zitoshe kukusimamisha:

1. Umeahidiwa faida maalumu kwa wiki au kwa mwezi.
2. Unaharakishwa: nafasi zinaisha leo usiku.
3. Fedha inatumwa kwa mtu, si kwa dalali mwenye leseni au benki.
4. Unalipwa kwa kuleta wenzako.

Dalili hata moja ikionekana, usilipe. Uliza kwanza kwetu, Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, kama mtu huyo ana leseni. Jibu ni bure. Ukiwa umekwisha kulipa, tunza ujumbe wote na stakabadhi za miamala, utoe taarifa polisi na kwa mtoa huduma wa simu upesi. Aibu ya kutapeliwa isikufanye unyamaze, kwani ukimya ndio unaompa tapeli nafasi ya kumfikia jirani yako.

Njia halali ya kununua

Anayeamua kununua hisa zilizoorodheshwa hapa nchini afuate hatua hizi. Achague dalali mwenye leseni yetu, au atumie huduma ya simu ya Soko la Hisa iitwayo Hisa Kiganjani. Ajisajili kwa kitambulisho chake cha taifa na akaunti ya benki au ya simu iliyo kwa jina lake mwenyewe, ili gawio limfikie. Asome taarifa ya mwaka ya kampuni, hasa kurasa tatu: orodha ya wanahisa wakubwa, taarifa ya faida na hasara, na maelezo ya hatari. Aandike bei ya juu kabisa ambayo yuko tayari kulipa. Baada ya kununua atunze uthibitisho wa umiliki, na amwambie mwenza wake au mtu mmoja anayemwamini kwamba hisa hizo zipo. Magawio mengi hukaa bila kuchukuliwa kwa sababu mwenye hisa alifariki bila ndugu kujua.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Kampuni ina hisa 4,000,000. Mmiliki mkuu ana 3,000,000. Ninyi ishirini mna hisa 2,000 kwa jumla. Ni maamuzi gani mnaweza kuyazuia katika mkutano mkuu? Ni haki gani mnazo hata bila kuweza kuyazuia?

2. Kampuni imepata faida kubwa kuliko mwaka jana, lakini bei ya hisa imeshuka. Tajeni sababu mbili zinazoweza kueleza jambo hilo.

3. Ndugu yako ana shilingi 1,500,000 za mauzo ya tumbaku. Shilingi 900,000 ni za pembejeo na ada. Anataka kununua hisa kwa fedha yote. Utamwambia nini?

4. Mtu anasema hisa za kampuni ya chipu zitapanda asilimia 40 kabla ya mwisho wa mwaka, na ana uhakika. Ni swali gani la kwanza utakalomuuliza?

Kwa swali la nne tunapendekeza jibu letu. Mwulize kampuni hiyo ni ya nani, hisa zake zinauzwa katika soko gani, na yeye amepewa leseni na nani. Anayeyajua hayo atakujibu kwa utulivu na kukuonyesha nyaraka. Asiyeyajua atakurudisha kwenye ile asilimia 40, na hapo utakuwa umepata jibu bila kupoteza shilingi.